Umebadilisha difu? Usikimbilie sindano ya spidomita

Land Rover yangu ni Series III, urithi kutoka kwa marehemu baba. Difu zake za asili, zile gia za kwenye ekseli, zilikuwa 4.7, yaani propela shafti (mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu) yazunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa kupanda na mizigo hazina mfano, lakini kwenye lami ya kwenda Malindi injini ilikuwa inalia safari nzima. Nikapata difu za 3.54 zilizotoka kwenye Range Rover ya zamani, nikafunga mbele na nyuma. Msibadilishe ya nyuma peke yake: siku utakapoweka foo-wili, ekseli mbili zitavutana na kitu kitavunjika.

Gari likatulia, nikafurahi. Tulipokuwa tunakaribia Mtwapa, mpwa wangu akainua macho kwenye simu yake.

"Mjomba, hapo unasoma ngapi?"

"Sitini."

"Simu yasema thamanini."

Nikaondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kebo ya spidomita huchukua mzunguko wake kwenye giaboksi, kabla ya difu. Inahesabu propela shafti, haijui gurudumu linafanya nini. Gawanya 4.7 kwa 3.54 upate 1.33: mwendo wangu halisi ulikuwa mara 1.33 ya ule uliosomeka kwenye mita. Nikisoma 50 mjini, naenda 66. Kwa sheria zetu za Kenya, hizo ni 16 juu ya kiwango, faini ya shilingi 10,000. Na mtoto anayevuka barabara hajui mita yangu inadanganya.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliipeleka spidomita kwa fundi mmoja wa saa, akalegeza springi ya sindano, sindano ikasoma sawa. Wiki iliyofuata nikatoka Mombasa kwenda Malindi, kama kilomita 120, nikarudi kutazama tarakimu za kilomita: zilikuwa zimesogea 90 tu. Ndani ya spidomita mna sumaku inayozungushwa na kebo, nayo inavuta kikombe chepesi cha alumini chenye sindano. Springi nyembamba ndiyo inayokizuia. Tarakimu hazihusiani na springi hiyo. Zinasukumwa na meno, moja kwa moja kutoka kwenye kebo. Kwa hiyo ukirekebisha sindano umerekebisha nusu tu. Oili unayodhani umeiendesha kilomita 5,000 imeshafika 6,600, na hesabu yako ya mafuta haina maana. Nilimrudia akairudisha springi ilipokuwa.

Kinachotakiwa kusahihishwa ni mzunguko wa kebo. Anza kwa kupima mwenyewe, haigharimu kitu. Tazama uso wa spidomita, chini kwa maandishi madogo: yangu ina 1000, maana yake kebo izunguke mara 1,000 kwa kila kilomita. Jaza tairi upepo sawasawa, chomoa kebo nyuma ya mita, bandika kipande cha tepu kwenye ncha ya waya wa ndani kiwe kama kibendera. Tulipima mita 20 kwenye sakafu tambarare ya ghala moja Shimanzi, gia huru, mpwa wangu na mwenzake wakasukuma polepole, mimi nimejikunja chini ya dashibodi nahesabu kibendera. Nilitaka 20, nikapata 15. Tukarudia mara tatu, 15 ileile.

Ishirini kwa kumi na tano: fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma, akanitengenezea kiboksi kidogo cha kufunga katikati ya kebo, gia ya meno 20 ikizungusha ya meno 15. Tulipokijaribu, sindano ikang'ang'ania kwenye kizuizi cha sifuri, haitoki. Gia mbili zikigusana, ya pili huzunguka kinyume, na sote wawili hatukuliwaza hilo. Akaongeza gia ya tatu katikati. Meno yake hayabadilishi hesabu, yanageuza mwelekeo tu. Mwagizeni fundi wenu hivyo tangu mwanzo, na kiboksi kijazwe grisi na kifungwe vizuri, maana hewa yetu ya chumvi haisamehi chuma.

Sasa sindano na simu zinakubaliana, na Malindi imerudi kuwa 120. Ukibadilisha saizi ya tairi, pima tena zile mita 20. Na siku ya kufunga difu, andika kwenye daftari la gari kilomita zilizosomeka asubuhi hiyo. Mimi sikuandika, na miezi minne ya gari la baba sitaijua kamwe.