Miche ya nyanya inaanguka kitaluni

Pole sana, dada wa Madale. Umesema ulichoma udongo wa kitalu kwa pumba, ukasia nyanya, na bado miche inaanguka ikiwa na majani mawili tu. Ng'oa mmoja uangalie shina pale linapogusa udongo: likiwa limesinyaa, jembamba kama uzi na la kahawia, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni unaoozesha shina la miche michanga.

Moto uliua ukungu kweli, lakini uliua na walinzi. Udongo hai una bakteria wa aina nyingi, wakiwemo jamii za Pseudomonas na Bacillus. Wapo wanaotoa kemikali za kuzuia ukungu, wapo wanaounyang'anya madini ya chuma, na wapo wanaoamsha kinga ya mmea wenyewe. Aina zikiwa nyingi, siku joto likimshinda mmoja, mwingine yupo. Huko Châteaurenard, Ufaransa, kuna udongo unaozuia mnyauko fuzari, ugonjwa mwingine wa ukungu wa udongoni unaonyausha mimea. Watafiti walipoupasha joto, uwezo ule ulipotea. Kwako pia, ukungu ukirudi kwa maji au jembe chafu haukuti mpinzani.

Changanya mboji iliyoiva (samadi mbichi hapana, nakusihi), maana mchanga wetu wa Dar una chakula kidogo cha kuwalisha bakteria hao. Uache udongo huo wiki mbili tatu ukiwa na unyevunyevu, ndipo usie. Inua tuta, usibananishe mbegu, mwagilia asubuhi. Miche iliyokwisha kuanguka haiponi. Itoe pamoja na udongo wake leo hii.