Jibu: Mkazi wa hosteli anayekosa miadi na kufoka

Habari ndugu. Umeeleza kwamba mkazi mmoja wa hosteli yenu ya wasio na makazi huko London hukosa miadi, hufoka akiulizwa maisha yake ya nyuma, na wenzako wanataka aondolewe. Nilipofanya kazi kama hiyo, tulianza kwa kukagua chumba cha mazungumzo: mkazi alikaa akiupa mlango mgongo, akajibu fomu ileile kila wiki, jambo ambalo kwa mtu aliyepigwa tangu utotoni hufanana zaidi na mahojiano ya polisi kuliko msaada. Mkazi wenu achague saa na mahali mwenyewe, hata mkiongea mkitembea, na mfanyakazi awe yuleyule. Tiba isiwe sharti la kupata nyumba. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis alithibitisha hilo New York kuanzia mwaka 1992, kwa mpango wa kuwapa wasio na makazi nyumba kwanza. Suala la dawa za mkazi huyo mwachieni daktari.