Usichukue wastani: mgandamizo na joto havikumbuki jambo moja

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba katika kisima chako cha baharini kasi ya sauti kwenye miamba ya matope inaonyesha mmomonyoko wa mita 1,100, ilhali vitriniti (chembe za mimea ya kale ambazo hung'aa zaidi kadiri zilivyopashwa joto) ya sampuli iliyotoka mita 900 chini ya sakafu ya bahari inakupa mita 1,700, nawe unauliza kama inafaa kuchukua wastani wa namba hizo mbili. Nakusihi usifanye hivyo. Nimeshughulika na visima vya namna hii kwa miaka kadhaa, na nimejifunza kwamba tofauti hiyo ya mita 600 ndiyo habari yenyewe, kwa kuwa kipimo kimoja kinakumbuka uzito uliowahi kuulalia mwamba, na kingine kinakumbuka joto.

Kwanza hakiki kina chako kimeanza kuhesabiwa wapi. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo nilitumia kina kama kilivyoandikwa kwenye faili, yaani kuanzia sakafu ya mtambo wa kuchimbia. Maji yalikuwa na kina cha mita 350 na mtambo ulisimama mita 25 juu yake, hivyo tabaka niliyoiandika kuwa iko mita 1,900 ilikuwa kwa kweli mita 1,525 chini ya sakafu ya bahari. Makadirio yangu ya mmomonyoko yakapungua kwa mita 375, na mistari ya ramani nzima ikajikunja kukizunguka kisima hicho kana kwamba kulikuwa na shimo. Nililitafutia shimo hilo maelezo ya kijiolojia kwa wiki tatu, hadi mwenzangu mmoja alipouliza kina kimepimwa kutoka wapi.

Ukishamaliza hilo, tazama mkunjo wako wa rejea, yaani grafu ya kasi ya sauti kwa kila kina unayolinganisha nayo. Matope yanapofukiwa hushindiliwa, maji hukamuliwa, vinyweleo (matundu madogo ndani ya mwamba) hubana na kasi ya sauti hupanda. Mzigo ukiondoka baadaye, vinyweleo havifunguki tena isipokuwa kidogo sana. Ndiyo maana tunatafuta ni katika kina gani mwamba wa aina ileile, ambao haujawahi kuinuliwa, una kasi hiyo, kisha tunatoa kina cha leo. Hesabu ni nyepesi, lakini inasimama juu ya neno “aina ileile”. Matope yenye chokaa nyingi huharakisha sauti na kuongeza mmomonyoko usiokuwepo. Gesi na shinikizo la ziada la maji kwenye vinyweleo huupunguza uliokuwepo. Zaidi ya hayo, kama kisima cha rejea nacho kiliwahi kuinuliwa, makadirio yako yote yatakuwa pungufu, na hakuna kitu kwenye grafu kitakachokuonya.

Sasa tuje kwenye vitriniti, ambako nadhani ndiko kwenye kiini cha swali lako. Namba yako ya mita 1,700 inaelekea kutokana na dhana kwamba joto liliongezeka zamani kwa kiwango cha leo. Tuseme kiwango hicho ni nyuzi 30 kwa kilomita na sakafu ya bahari ina nyuzi 5: sampuli ingekuwa ilifukiwa mita 2,600, yaani 900 za leo na 1,700 zilizoondoka, na ingefikia nyuzi 83. Lakini kama zamani kiwango kilikuwa nyuzi 39 kwa kilomita, nyuzi 83 zilezile zinafikiwa katika mita 2,000, na mmomonyoko unakuwa mita 1,100, sawasawa na unavyosema mgandamizo wako. Hata joto la uso peke yake lina uzito wake: ukiweka nyuzi 15 badala ya 5 na kubakiza 30 kwa kilomita, zinapungua zaidi ya mita 330.

Sampuli moja haiwezi kukuchagulia kati ya maelezo haya. Unahitaji sampuli kadhaa kutoka juu hadi chini ya kisima: mstari wa joto la zamani ukienda sambamba na wa leo, kufukiwa ndiko kulikoleta joto, ukiwa na mwinuko mkubwa zaidi, yaani joto likipanda haraka zaidi kwa kina, mtiririko wa joto wenyewe ulikuwa mkubwa. Ukiweza kupata chembe za madini ya apatiti, bora zaidi, kwa sababu nyayo za mpasuko wa urani (alama ndogo zinazoachwa na atomi za urani zinapopasuka) ndani yake hufupika kati ya takriban nyuzi 60 na 110, na hivyo hukuambia pia ni lini mwamba ulianza kupoa.

Kumbuka vilevile kwamba namba unayoipata ni tofauti kati ya kina kikubwa kabisa cha kufukiwa na kina cha leo. Kama juu ya uso wa mmomonyoko zimelala mita 200 za mashapo mapya, mwamba ulioondoka ni mita 1,300, si 1,100. Wala usiuite huo kuinuka kwa ardhi: ukiondoa chini ya bahari mita 1,000 za mashapo yenye msongamano wa gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo, wepesi huo unainua miamba iliyobaki kwa takriban mita 515 tu, na sakafu yenyewe inashuka.

Ninasisitiza kwa sababu matokeo yake ni makubwa. Katika Bahari ya Barents, upande wa Norwe, uwanja wa gesi wa Snøhvit uliogunduliwa mwaka 1984 una mafuta kidogo chini ya gesi, na chini zaidi yako mabaki ya mafuta yanayoonyesha kwamba mtego (umbo la miamba linalozuia mafuta na gesi visitoroke) uliwahi kujaa kuliko sasa. Mzigo ulipopungua, gesi ilitanuka na kuyasukuma mafuta nje, huku miamba mama (inayozalisha mafuta na gesi) ikipoa na kuacha kuzalisha. Mita 600 zako zinaweza kuwa mpaka kati ya mtego uliobaki salama na uliovuja.

Weka hapa vipimo vya vitriniti vya kina kingine, hata vitatu tu, pamoja na joto lililosahihishwa la chini ya kisima, tuchore mistari hiyo miwili pamoja.