Jibu: Kupima uzito wa ndege ni kazi gani hasa?

Ndugu, umeuliza kama hii kazi ni kupima mabegi tu pale Entebbe. Hapana bwana, mabegi yana watu wake. Sisi tunapima ndege yenyewe, tunaiingiza hanga tunafunga milango kabisa maana upepo kidogo tu ukipita kwenye mabawa namba zinaanza kucheza, tunaiweka sawa isiinamie upande juu ya mizani, halafu tunasoma. Spana ikisahauliwa ndani nayo inahesabiwa kama uzito wa ndege, imekula kwako. Mi nimewahi kurudia kazi nzima sababu ya ndoo ya fundi, na kucheka nilicheka baadaye sana.

Kinachobaki ni hesabu, uzito mara umbali kutoka pointi ya kuanzia. Gunia la kilo 80 likiwa mita 3 unapata 240, lisogeze mpaka mita 6 unapata 480, na gunia ni lilelile! Yaani mzigo ukikaa mbali zaidi, unainamisha ndege zaidi. Ndo maana mzigo ukizidi nyuma pua inataka kupanda tu na rubani anahangaika kuishusha.

Fizikia ya shule inatosha kuanzia. Nenda Soroti, huko mashariki mwa Uganda, kwenye chuo cha usafiri wa anga, ulizia ufundi wa ndege. Urubani achana nao kwanza, ada yake utalia.