Shangazi, damu yangu ni O, ya mwanangu ni A

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mkulima wa korosho, Nachingwea. Mwanangu wa miaka sita alilazwa, wakampima kundi la damu, likatoka A. Mimi ni O. Dada yangu akasema, "Huyo si wako." Tangu siku hiyo silali. Korosho nimeshauza, nauli ninayo. Nataka nimpeleke Mtwara akapimwe vinasaba, mama yake nimwambie tunakwenda kumsalimia bibi. Nishauri.*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Dada yako amehukumu kabla ya kuuliza: mama wa mtoto ana kundi gani? Baba wa O na mama wa A huzaa watoto wa A au O, jambo la kawaida kabisa. Hata mama akiwa AB, mtoto wa A anapatikana. Itafute kadi ya kliniki ya mkeo ya mimba hiyo, kundi la damu huandikwa humo. Ukikuta A au AB, maneno ya dada yako hayana msingi, na mwambie hivyo waziwazi. Ukikuta O au B, hapo swali lina uzito, ingawa vipimo navyo hukosewa. Rudieni kupima nyote watatu.

Shaka ikibaki, vinasaba ndivyo vitakavyoamua, maana mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mtwara, lakini huendi tu na mtoto mkononi ukapanga foleni. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inataka ombi lipitie kwa wanaotambuliwa, kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, na nenda na mkeo.

Hiyo safari ya "kwa bibi" siikubali hata kidogo. Sampuli huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu. Haiumi, ila mtoto wa miaka sita hafichi kitu. Atamsimulia mama yake habari za kijiti, na hata majibu yakisema ni wako, mkeo atakuwa ameshajua ulimdhania nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hukuniambia utafanya nini wakisema si wako. Utamfukuza mtoto aliyekuita baba miaka yote hii? Jijibu hilo kabla hujaomba kipimo chochote. Kisha zungumza na mkeo, mkiwa wawili. Mkishindwana, muiteni mjomba wa mtoto. Huku Kusini wengi wetu tunahesabu ukoo kwa mama, na neno lake lina uzito.

Dada yako mkataze kulitamka tena neno lile mbele ya mtoto. Hilo lifanye leo, hata kadi hujaitafuta.