Muulize Mwalimu: Kahawa ya dau na Mama wa Maine

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni tulibishana: nani mwanamke wa kwanza ambaye jina lake lilipendekezwa rasmi kuwania urais kwenye mkutano mkuu wa chama kikubwa Marekani? Wenzangu wameng'ang'ania Hillary Clinton, 2016. Mimi nilisema ni seneta mmoja wa zamani kutoka jimbo dogo. Tumewekeana dau la kahawa.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kahawa idai leo leo. Ni Margaret Chase Smith wa Maine, chama cha Republican, mwaka 1964. Alipata kura 27 tu, Barry Goldwater akachukua tiketi. Michango ya fedha aliyotumiwa aliirudisha kwa wenyewe.

Lakini si kura hizo zilizonifanya nimpende. Alizaliwa 1897 Skowhegan, binti wa kinyozi. Chuo kikuu hakukanyaga. Aliunganisha simu za watu, akafanya kazi gazetini. Mumewe Clyde, mbunge, alipofariki 1940, kiti akakirithi yeye kwa kura za wananchi, na mwaka 1948 akachaguliwa kuingia Seneti. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekalia mabaraza yote mawili ya bunge la Marekani kabla yake.

Februari 1950 seneta Joseph McCarthy, wa chama chake huyohuyo, alianza kudai kuwa serikali imejaa wakomunisti. Margaret akamwomba ushahidi, asiuone. Wakubwa wakaufyata. Tarehe 1 Juni mama huyu, mgeni wa mwaka mmoja na nusu tu Seneti, akasimama na kusema hataki chama chake kishinde kwa kutia watu hofu na kuwapaka matope. Jina la McCarthy hakulitaja, na mwenyewe yumo humo ukumbini! Maseneta sita tu ndio waliotia saini pamoja naye. McCarthy akawakejeli kwa jina la Binti Theluji na vibete vyake sita, akiigeuza ile hadithi ya watoto ya Binti Theluji na vibete saba, kisha akamwondoa kwenye kamati ndogo ya uchunguzi, nafasi akapewa kijana mmoja aitwaye Richard Nixon. Mama akangoja. Desemba 1954 Seneti ilimkaripia McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22, na ya Margaret imo kwenye hizo 67.

Alidumu Seneti hadi aliposhindwa uchaguzi wa 1972.

Mtu akikurukia na Victoria Woodhull wa 1872, usibabaike: kweli aligombea, ila chama chake kilikuwa kidogo. Nyie mlibishania chama kikubwa.