Fundi Ajibu: Pistoni za fojidi na turbo iliyoshuka kutoka Nairobi

SWALI: Nina Subaru Impreza ya injini EJ20 yenye turbo. Kompyuta ya injini ilipangwa Nairobi, presha ya turbo bar 1. Tangu niishushe Malindi imeanza moshi wa samawati, na silinda ya nne haina kompresheni. Fundi amefungua, akakuta pistoni imevunjika ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Nataka kuweka pistoni na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) za fojidi, yaani zilizofuliwa kwa kugandamizwa, si za kumiminwa. Nianzie wapi?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Ndugu yetu, usitume pesa za pistoni bado. Ukingo huo mara nyingi huvunjwa na kunoki, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli kulipuka wenyewe ndani ya silinda, na yako ina dalili zote. Geji ya turbo huhesabu presha iliyozidi hewa ya nje. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yake ni kama bar 0.83; jumla na ya turbo inakuwa 1.83. Malindi hewa ni bar 1.01, jumla 2.01. Geji inakuonyesha bar 1 ileile, kumbe injini inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia 10, tena ya moto, na kompyuta inafanya kazi kwenye mzigo ambao huko juu haukuwahi kupimwa.

Pistoni ya fojidi itavumilia zaidi, lakini kunoki haitaondoka. Kipigo kitahamia kwenye beringi za konrodi na gasketi ya hedi. Injini ikisharudi, endesha kwa bar 0.8 (jumla 1.81, karibu na ya Nairobi) mpaka kompyuta ipangwe upya hukuhuku pwani. Turbo ikisukuma kwa nguvu zote, mchanganyiko uwe karibu gramu 11 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Sasa bloku. Silinda ya kiwandani ni milimita 92. Ikiwa na michirizi, itachongwa hadi 92.5, lakini pistoni ziwe zimeshafika: kila moja hupimwa kwa maikromita, kisha silinda yake ikachongwa kwa kipimo hicho pamoja na nafasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya pistoni. Mwambie mchongaji afunge bamba nene juu ya bloku, bolti zikazwe kama za hedi, ndipo amalizie kuisugua silinda kwa mawe ya honi. Bolti hizo huivuta silinda. Bila bamba, itakuwa duara mezani na yai ndani ya gari.

Kwenye ringi ndiko mafundi wengi huona uvivu. Isukume ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ilale sawasawa, kama milimita 25 kwenda chini, upime mwanya ulio kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa turbo ya barabarani, zidisha kipenyo kwa 0.0045 hadi 0.005: silinda ya 92.5 inataka milimita 0.42 hadi 0.46. Ringi ya pili iongeze 0.05 hivi. Karatasi ya pistoni ikitaka zaidi, ifuate. Chonga ncha moja tu, ukipeleka tupa kutoka nje kwenda ndani, kisha uondoe makali. Mwanya ukiwa mdogo, ncha hugongana injini ikipata moto, ringi ikakwama, na ukingo wa pistoni mpya ukaenda uleule.

Bolti za konrodi paka grisi iliyokuja nazo. Ukitumia oili, kipimo cha spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hakina maana tena. Bora upime bolti imerefuka kiasi gani.

SWALI: Pistoni za fojidi zinagonga asubuhi, kisha zinanyamaza. Ni mbovu?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Kama ni za aluminiamu ya aina ya 2618, huenda ni kawaida: hutanuka sana, kwa hiyo hupewa nafasi kubwa zikiwa baridi. Ya 4032 hutanuka kidogo, na kwa gari la safari fupi fupi sisi tungechagua hiyo. Ikiendelea kugonga injini ikiwa na moto, izime upime presha ya oili.

SWALI: Beringi ya konrodi ilisagika. Kula ya oili (kipoza oili) ioshwe, au ibadilishwe?
Msomaji, Watamu

JIBU: Ibadilishwe. Chembe za chuma hujificha ndani yake, petroli haizifikii zote, na zikitoka zinaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kunyonyea oili vikaguliwe pia. Bomba likiwa na ufa, litupe. Kabla ya kuwasha, toa plagi, chomoa waya za injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime.